Siku Pipa la Anaeli Lilipokataa Joto

Jumanne asubuhi nilifungua kabati nikaweka sikio kwenye pipa. Pombe inayochacha ina sauti yake, kama manyunyu juu ya majani ya mgomba. Sikusikia kitu. Niliinua mfuniko, na juu ya maji ya ndizi hapakuwa na povu hata la kujaza kijiko. Nilikuwa nimeyamimina humo Jumapili baada ya ibada. Kwa kawaida siku ya pili povu huwa limeshapanda.

Kumbukumbu ya mume wangu Anaeli ilikuwa Jumamosi. Kwa mwaka mzima wa msiba hatukupika pombe nyumbani kwetu, na hii ndiyo ilikuwa ya kwanza. Kwenye kikao cha ukoo nilisema jambo moja tu, kwamba pombe ya Anaeli itoke kwenye pipa la Anaeli. Mimi si msemaji. Labda ndiyo sababu hakuna aliyebisha.

Mwezi wa saba huku kwetu Akheri, mlimani, jua linaweza kupotea wiki nzima, na pombe kwenye baridi hulala. Wazee huiweka jikoni karibu na moto. Anaeli alifuga vifaranga, na kutoka kwenye sanduku la vifaranga alipata wazo. Alitengeneza kabati la mbao, akalivika ndani sponji la godoro kuukuu, akasimamisha pipa la plastiki humo. Chini aliweka globu ndani ya kopo la maziwa ya unga, na ubavuni akafunga themostati, kile kiboksi chenye namba nyekundu kinachowasha globu joto likishuka na kuizima likifika ishirini na nane. Kwa miaka sita watu walikunywa kwetu pombe ya Julai wakasema ni kama ya Februari. Mimi nilichemsha ndizi na kupika uji wa ulezi. Kabati alilifunga yeye.

Mama mkwe wangu, Bibi Ndeshi, alinikuta nimepiga magoti mbele ya kabati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imelala?"

"Imelala."

"Nilijua. Pombe ya waya." Alivuta khanga mabegani. "Kandida ana ndizi zilizoiva na jiko lake lina moto. Akianza Alhamisi asubuhi, akizikazia moto, Jumamosi tutakuwa na kitu cha kunywa. Nikampigie simu?"

Kandida ni wifi yangu, ameolewa Kisongo. Nilimwomba mama aniachie mpaka Alhamisi asubuhi.

"Alhamisi jua likichomoza," alisema. "Sitawakalisha wazee wa ukoo mbele ya vibuyu vitupu, mwanangu. Hata Anaeli asingependa."

Nilianza na globu, kwa kuwa ndiyo rahisi. Niliichomoa nikaifunga sebuleni, ikawaka. Nilijaribu soketi kwa chaji ya simu, nayo ilikuwa nzima. Nilirudisha kila kitu, globu ikawaka ndani ya kopo, nikafurahi. Nilipotoka kumwagia ng'ombe majani nikarudi, ilikuwa imezima. Namba nyekundu zilisema ishirini na tisa. Niliweka kiganja kwenye pipa. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Basi niliamua themostati imekufa, maana inasema joto mahali penye baridi. Niliifungua na waya wake wote, nikaifunga kwenye gazeti, nikashuka mjini mpaka Sakina kwa Lengai, fundi wa friji aliyekuwa rafiki wa Anaeli. Karakana yake iko barabarani kabisa, na unaongea naye kwa kupokezana na mabasi ya Nairobi.

"Mama Brenda! Karibu. Umekuja na nini, mkate?"

Nilimfungulia gazeti. Alitazama kile kiboksi bila kukigusa.

"Hiki nilimtafutia mimi," alisema. "Alinisumbua mwezi mzima."

"Kimekufa. Kinasema ishirini na tisa na pipa ni baridi."

Alikichomeka kwenye umeme. Mwisho wa waya wake mrefu mweusi kuna kijiti kidogo cha chuma kinachopima joto. Lengai alikitia kwenye kikombe chake cha chai. Namba zikapanda mbio. Akakitia kwenye ndoo ya maji aliyonawia mikono, zikashuka, na ndani ya kiboksi swichi ikalia ta. Alirudia mara tatu. Kisha akanirudishia.

"Mgonjwa sio huyu. Umemleta hospitali msindikizaji."

"Sasa mgonjwa ni nani?"

"Yuko nyumbani amelala. Mimi ningekuuzia kipya ukaondoka umefurahi, halafu kesho kutwa ungerudi kunitukana."

"Mimi situkani."

"Ndiyo maana naogopa. Nyie wanyamavu mkianza." Alicheka, kisha akawa na uso wa kazi. "Sikiliza. Usibadilishe kitu kingine. Vuta kigoda, kaa mbele yake, uitazame inavyofanya kazi. Mashine haijifichi, ni sisi hatukai nayo."

Jumatano nilifanya hivyo. Nilirudisha kila waya kama nilivyoukuta, nikaacha mlango wa kabati umefunguka upana wa vidole viwili, nikakaa na daftari la zamani la binti yangu Brenda na saa ya simu. Globu iliwaka dakika nne. Ikazima dakika ishirini na tano. Ikawaka dakika nne tena. Kila ilipozima namba zilikuwa zimefika ishirini na nane, na kila mara pipa lilikuwa vilevile. Kufikia saa nne nilikuwa na mistari sita inayofanana.

Nilitaka kujua kama kile kijiti kinasema kweli, na chai sikuwa nayo. Nilikibana kwapani kama wanavyowapima watoto zahanati. Namba zilipanda polepole mpaka thelathini na sita zikatulia. Mimi ni mzima, basi na chenyewe ni kizima. Kisha nikakibana kwa kiganja kwenye ubavu wa pipa, nikahesabu mpaka mia mbili. Kumi na saba.

Nilikaa nikaangalia kile kijiti mkononi mwangu. Hakikuwa kimesema uongo hata mara moja. Nilikuwa nimekikuta kinaning'inia hewani, kiganja kimoja juu ya kopo la globu. Kiliulizwa habari za hewa ya moto kikajibu habari za hewa ya moto. Habari za pipa hakuna aliyekuwa amekiuliza.

Kwenye ubavu wa pipa, usawa wa katikati, niliona alama mbili za mpira wa baiskeli, mistari miwili iliyosafishika kuliko plastiki nyingine. Kuna kitu kilikuwa kimefungwa hapo miaka mingi.

Nilimfuata mama shambani. Alikuwa anapunguza majani ya migomba.

"Mama, kwenye pipa palikuwa na kitu kimefungwa. Nani alikitoa?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Kimefungwa na mipira."

Alisimama na panga mkononi. "Ule mkono wa sweta?"

"Mkono wa sweta?"

"Tuliutoa siku ya nguo."

Kwetu, baada ya mazishi, nguo zote za marehemu hukusanywa na kugawiwa ndugu, wala hairuhusiwi kubaki hata soksi imefichwa mahali. Wanawake wa ukoo waliingia kila chumba siku hiyo. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani na sikumbuki mengi. Mama alisema walikuta sweta la kijani la Anaeli lina mkono mmoja, wakashangaa, wakatafuta nyumba nzima, na mwisho Kandida akaufumania mkono wa pili ndani ya kabati, umelivaa pipa.

"Akaushona," mama alisema. "Usiku uleule. Akampa mumewe. Lemburis analivaa Kisongo mwaka mzima huu, upepo wa kule unavyouma."

"Mama, Anaeli aliukata makusudi."

"Nani anakata sweta zima makusudi?"

Nilimweleza: kijiti kililala juu ya ngozi ya pipa, na sweta lilikifunika kisione hewa ya globu, kisikie pombe peke yake. Mama aliweka panga chini. Halafu alianza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, mpaka akashika mgomba.

"Tukamvua nguo pipa," alisema. "Wanawake saba, na sala tuliomba kabla."

Na mimi nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kucheka nikasikia sauti yangu.

Kumwomba Lemburis sweta kusingewezekana, nguo ya marehemu ikishagawiwa haidaiwi. Nilichukua sweta langu la kwaya, la sufu nzito, nikakata mkono wa kushoto kwa mkasi wa kushonea. Mama alishika kijiti juu ya zile alama, nikakunja sufu mara nne juu yake, nikafunga kwa mipira miwili iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Tulifunga kabati. Globu iliwaka, na dakika nne zilipopita haikuzima. Dakika ishirini ilikuwa bado inawaka, namba zinapanda moja moja, kumi na nane, kumi na tisa, kama mtu mzima anayepanda mlima.

"Sasa usiifungue fungue," mama alisema. "Mtu akipata joto unamwacha."

Alhamisi jua lilipochomoza mama alikuwa ameshafika kabatini kabla yangu, ameweka sikio. Aliniashiria kwa kidole nikaribie. Pipa lote lilikuwa linanong'ona. Nilipoinua mfuniko povu lilikuwa nene, rangi ya kahawia hafifu, limepanda mpaka karibu na ukingo.

"Kandida nitampigia simu," mama alisema, "nimwambie ndizi zake ale."

Ijumaa nilichuja nikachanganya na uji wa ulezi. Jumamosi mchungaji aliongoza ibada, akanywa soda, akatuaga akisema anatuacha na mazungumzo yetu. Gari lake lilipopita geti la shamba la kahawa wanaume walihamia nyuma ya nyumba. Kibuyu cha kwanza kilikwenda kwa mzee Sakaya, baba mdogo wa Anaeli, ambaye hajawahi kumsifia mtu pombe. Alikunywa. Akafuta masharubu. Akanywa tena, mara hii bila kupumua katikati.

"Hii imepikwa wapi?"

"Hapa," mama alijibu. "Mke wa Anaeli."

"Kwenye lile kabati la umeme?"

"Lilelile."

Mzee alinirudishia kibuyu. "Ongeza," alisema.

Saa kumi tulikuwa tunaliinamisha pipa kupata ya mwisho. Kandida alikuja akasimama pembeni yangu, kibuyu mkononi, akilitazama kabati.

"Wifi," alisema, "mwanangu anapata kipaimara Desemba. Kule kwetu upepo unaniharibia pombe. Unaweza kuniazima hili pipa?"

"Haliazimwi," nilimwambia. "Lete ndizi zako hapa. Nitakupikia mimi."