Msumari Chini ya Dirisha

Kwa siku ya tatu dubu mweupe alikuwa akila mzoga wa sili kati ya kibanda na jiwe. Sheria ya kisiwa cha Spitsbergen inakataza kumfukuza, na boti ya kuwachukua ilitarajiwa kesho yake asubuhi. Halszka, mtafiti wa barafu, hakuwa na njia ya kutoka.

Jiwe hilo, kubwa kama gari, lilibeba antena iliyosikiliza setilaiti saa zote na kutuma vipimo kibandani kwa redio. Kila kigingi alichosimika kwenye mto wa barafu alikipima kwa kukilinganisha na antena hiyo. Misimu mitatu ya kazi. Shahada yake ya uzamivu ilisimama juu ya vipimo hivyo. Siku moja kabla dubu hajafika, aliona maji yakichuruzika chini ya jiwe. Kama limekaa juu ya barafu, basi linazama, na vipimo vyote ni vya uongo.

"Jiwe ni jiwe," alisema Daktari Bogusz, msimamizi wake, akitafuna tango la siki. "Kula, bibie."

"Barafu nayo ni jiwe, Daktari, mpaka iyeyuke."

"Ulimi huo kautumie mbele ya jopo la watahini."

Chini ya dirisha kulikuwa na msumari wa shaba uliopigwa kwenye mwamba wenyewe. Msimu wa kwanza waliupima kwa kuulinganisha na antena ya jiwe, kujaribu vifaa tu. Halszka alifungua dirisha, akateremsha nguzo ya antena ya pili hadi ncha ikakaa juu ya msumari, akaifunga kwa kamba. Ukuta ulificha nusu ya anga, kwa hiyo badala ya muda wa saa moja aliiacha kwa muda wa saa sita.

"Dubu atadhani tumefungua bucha," Bogusz alinung'unika, akivuta kofia masikioni.

Jibu lilipotoka, msumari ulionekana umepanda sentimita arobaini na tatu.

"Mwamba umepanda?"

"Jiwe limeshuka."

"Basi sahihisha."

"Tunajua jumla. Hatujui lilishuka kiasi gani mwaka upi. Sura ya tatu na ya nne za tasnifu yangu hazipo tena."

Bogusz alianza kufungua kamba ya nguzo. "Boti ingewahi, tusingejua."

"Haikuwahi."

Halszka alivuta fomu ya vipimo. Penye chanzo cha kosa aliandika: jiwe la msingi limekaa juu ya barafu. Bogusz alisoma juu ya bega lake.

"Andika na aliyelichagua."

"Nani?"

"Usinichezee, bibie. Andika Bogusz."

Aliliandika jina hilo. Chini yake akaandika jina lake mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeliamini jiwe misimu mitatu bila kulipima.