Binti Nguva wa Dobi

Binti nguva hakuwa na miguu, hakuwa na mama, wala hakuwa na bahari. Dobi alimwokota angali kichanga, akamlea ndani ya karai kubwa la kufulia. Alipovunja ungo, mkia haukuenea tena karaini.

"Baba, nikienda utaniona sina fadhila."

"Fadhila gani, nawe unanimalizia maji ya wateja?" dobi alimtania, huku akifuta macho. "Nilikulea ukue, mwanangu, sikukulea unikalie."

Akambeba mgongoni hadi ufukweni, akamwachia.

Baada ya siku chache nguva aliandika: "Baba, huku chumvi ni ya bure. Kumbe wewe ulikuwa ukininunulia ya kutia majini, na hukunung'unika hata siku moja. Ahsante." Akaitia barua chupani, akaiziba kwa nta, akaikabidhi mawimbi yaendayo kwa baba yake.