Kuandikwa kwa Wivine

Wivine alifika shuleni Bwera, upande wa Uganda wa mpaka na Kongo, amevaa sketi ya kuazima, imekunjwa kiunoni mara mbili isije ikamdondoka. Mwalimu mkuu, Zedekiah, alimsimamisha mlangoni pamoja na mama yake, Rachelle.

"Nani aliandikisha huyu?"

"Ule dada," Rachelle akaonyesha kwa kidevu. "Ye njo aliandika mutoto wangu jana."

Lakot aliacha kuhesabu madawati akasogea mlangoni. Alizaliwa hapa hapa, katika kambi ya jeshi, binti wa sajenti. Ana digrii ya sheria, na sasa anasomea ya pili Kampala, haki za raia na sera ya elimu. Jana alipita kwa Wakongo waliokimbia vita Beni, akiwaambia kwa Kiswahili chake cha kambini, "Naandika watoto yenye haiko kwa shule." Yeye alimaanisha utafiti. Wao walisikia shule. Walitia sahihi fomu zote bila swali hata moja, naye akafurahi kwamba kazi imekwenda haraka. Mjinga!

"Mwalimu, sheria inampa kila mtoto haki ya kusoma," alisema. "Hata mkimbizi. Nikutajie kifungu?"

"Taja, madamu. Halafu uambie kompyuta." Zedekiah hakuwa mkali, na hilo ndilo liliudhi zaidi. "Mtoto bila namba ya kitambulisho, kompyuta inakataa. Sheria iko Kampala. Huku iko kompyuta."

"Mpokee tu, wakati namtafutia hiyo namba."

"Inspekta akimkuta, mimi ndiyo nafukuzwa. Wewe utakuwa umeshapata digrii yako."

Lakot aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Rachelle alizitazama fomu mkononi mwa Lakot. "Sasa uliandika sisi ya nini?"

"Kwa kitabu cha chuo, mama. Ili siku moja serikali isome."

"Siku moja," Rachelle akasema, akamshika mtoto mkono.

Wivine hakuondoka. "Jina yangu itabakia mule ndani?"

"Itabaki," Lakot akajibu, haraka mno.

Kanuni za utafiti, alizozitilia sahihi mwenyewe, zinakataza majina ya watoto. Ijumaa, katika chumba alichopanga Kasese mjini, alifungua sura ya tasnifu yake, akalifuta jina la Wivine na kuandika: Mtoto wa Kumi na Saba. Msimamizi wake aliirudisha sura ile na neno moja pembeni: "Safi."