Moshi wa Nikodemo

Haya ni kweli tupu, na kama nimeongeza hata punje ya chumvi, ulimi wangu na uote nywele. Mwaka ambao reli ya Mdachi ilifika Dodoma, kipupwe kilikuwa kikali kule Mkonze hata jogoo akiwika, sauti ilimgandia kooni akaimeza tena.

Matonya hakuwa na kitu cha kuwasha. Sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe wake, na pasipo ng'ombe hakuna mavi makavu ya kukokea moto, wala lile joto lao walipolala na watu ndani ya tembe, nyumba ya paa bapa la udongo. Kuni nazo, akida alishatangaza, ni za gari moshi. Atakayeonekana na shoka porini, viboko hamsa ishirini. Mkewe Hana alikohoa kutwa. Vidole vilimkakamaa hata akashindwa kushika jiwe la kusagia. Mganga hakumung'unya maneno: asipopata joto, hamalizi mwezi.

Lakini kilichomla Matonya kuliko baridi ni moshi wa jirani. Kila alfajiri ulitoka juu ya paa la Nikodemo, mzito, moshi wa watu walioshiba. Na ng'ombe wa Nikodemo walikufa wiki moja na wa Matonya. Sasa anachoma nini?

"Anaiba kuni za reli," Matonya akasema.

"Mtu mwenye kifua kibovu vile abebe magogo?" Hana akajibu. "Nenda kaombe kaa la moto, mume wangu. Ujirani ndio huo."

"Moto wa mtu nisiyejua anachoma nini? Mbona moshi wake ukipanda, na kikohozi chako kinapanda?"

Usingizi ukamhama. Watu akawasalimu kwa mkato. Kisimani alimtupia Nikodemo salamu ya "mbukwa" huku jicho liko kwenye kucha zake, kutafuta masizi. Akaona udongo. Udongo wa nini, kiangazi chote hiki? Hilo nalo akaliweka moyoni kama ushahidi.

Yeye mwenyewe hakuwa safi. Kila asubuhi alipekecha moto akaulisha konzi ya makapi mabichi, watu wasije wakajua kwake kumezimika. Moshi ulitoka, joto halikutoka.

Siku Hana aliposhindwa kuinuka, Matonya akapanda juu ya tembe la Nikodemo kwenye mapambazuko, akatambaa kwa tumbo, akachungulia tundu la moshi. Chini aliwaona Nikodemo na mkewe Dorkasi wamejifunika ngozi moja, meno yanagongana, wanapuliza makapi. Akaona jingine pia: nusu ya miti ya paa haipo. Walikuwa wakiichomoa kutoka ndani na kuichoma, mmoja baada ya mwingine. Kabla hajakumbuka kwamba paa lenyewe ndilo alilolalia, likakatika.

Alitua katikati yao.

"Karibu, shemeji," Dorkasi akasema, akijipangusa vumbi. "Wengine hupitia mlangoni."

"Nami nilikuwa nakuvizia wewe," Nikodemo akasema. "Kuni unaiba wapi, wewe? Moshi wako mzito kuliko wetu."

Matonya akatazama chini. "Makapi."

"Ya mtama?"

"Ya mtama."

"Sisi ya uwele."

Kisha Nikodemo akatazama mbingu palipokuwa na paa. "Hii si nyumba tena. Kwako, walipokuwa wakilala ng'ombe, pana nafasi?"

"Ipo. Na Hana hawezi kungoja."

Wakaibomoa, wakahamishia miti kwa Matonya, wote wanne wakauzunguka moto mmoja wa kweli. Siku ya tatu Hana alishika jiwe la kusagia. Na miti ya tembe lile moja iliwaka miaka mitatu.

Hapo Anyesi, mjukuu wa Hana, aliyekuwa akinisikiliza huku akipepeta, akaweka ungo chini. "Miaka mitatu nakuachia," akaniambia. "Lakini aliyeanguka si babu yangu. Ni Nikodemo, babu yako wewe, na paa lilikuwa letu. Bibi alimwona akiingia, miguu imetangulia."

Gunia la mkaa nimempelekea Anyesi jana, mgongoni mwangu mwenyewe, kwani kipupwe kimeanza.