Mbeba Furushi

Kila jioni kijiko cha mama kilikuwa na njia moja tu: kilichota kwenye sahani ya binti, kikamwaga kwenye sahani ya mwanawe wa kiume. Walikuwa mapacha wa miaka kumi na miwili, wanene wote wawili, lakini unene wao haukuwa na jina moja. Wa msichana uliitwa aibu. Wa mvulana uliitwa afya. Mtaani msichana alikuwa Pipa. Kaka yake alikuwa Jabali, na mama yao, fundi cherehani, kila alipoachia mshono wa kiuno cha suruali ya mwanawe alicheka: "Huyu atanimalizia vitambaa! Lakini mwanamume ni mwili, bwana."

Kwa binti hakucheka. Alimshonea magauni mapana yasiyomshika popote. Na kabla ya kula alifumba macho, akaomba: "Mola wetu, bariki chakula hiki, na mpunguzie binti yangu mwili." Jabali ndiye aliyeitika amina kwa sauti zaidi, maana mkono wake ulikwisha kuikaribia sahani.

Siku ya kumpeleka binti kliniki, Jabali alifuatana nao kwa sababu palikuwa na furushi la nguo za mteja la kufikisha wakati wa kurudi. Ngazi za kliniki zilikuwa chache, lakini alifika juu akitweta.

"Jabali limechoka?" dada yake alimtania.

"Furushi zito. Ungelibeba wewe, ungekuwa umeshaviringika hadi chini."

"Afadhali mimi naviringika. Wewe unakoroma ukiwa macho."

Ndani, muuguzi wa makamo alitoa mkanda wa kupimia presha. Msichana akauficha mkono mgongoni.

"Mkanda unauma?"

"Unakumbatia tu, mwanangu. Haya, kaka mtu, mwonyeshe dada yako."

Jabali akakunja mkono wa shati kama bondia. Mkanda ukajaa upepo, ukalegea. Muuguzi akasoma kipimo, akauvua, akachukua mkanda mpana zaidi. "Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husema uongo," alisema. Akamwacha Jabali apumzike, akapima. Akapima tena. Hakutania tena. Kisha akampima msichana, akamgeukia mama.

"Mgonjwa ni nani hapa?"

"Binti. Huyu mwingine mzima, kabeba furushi tu."

"Presha ya binti ni nzuri. Ya mbeba furushi iko juu, na si ya kupanda ngazi."

"Haiwezekani! Wamelala tumbo moja, wanakula chungu kimoja!"

"Chungu kimoja, miili miwili, mama. Wavulana wengi mafuta huwajaa tumboni, yakawahi ini na moyo. Wasichana wengi huwakaa nyongani na mapajani, yakachelewa kidogo kudhuru. Si sheria, na binti naye tutampima sukari. Lakini leo daktari aanze na huyu."

Mama akaushika utepe wa kupimia nguo, uliokuwa shingoni mwake kama kawaida. Utepe huohuo ndio uliokizunguka kiuno cha Jabali mwaka mzima. Kiunoni aliachia mshono baada ya mshono. Mapajani hakuwahi kugusa. Macho yaliona, moyo ukaita neema.

Walipotoka, baada ya daktari kumtoa Jabali damu ya kupima na kuwapangia siku ya kurudi, msichana alinyoosha mkono. "Lete furushi."

"Nitabeba mwenyewe."

"Lete, bwana. Pipa kazi yake kubeba."

Jioni mama alipakua. Kijiko kikachota kwenye sahani ya binti, kikaanza safari yake, kikasimama hewani. Kikarudi kilikotoka. Jabali alikitazama. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Mama akafumba macho. "Mola wetu, bariki chakula hiki, na..." Akakwama. Kwa binti alikuwa na maneno ya kuomba, yamekomaa kwa kurudiwa. Kwa mvulana alizoea kushukuru tu.

"Niombee na mimi, mama," Jabali alisema polepole.

 Ndipo msichana akadakia: "Mola wetu, huyu mbeba furushi wetu..."

Jabali akacheka, macho yakiwa bado yamefumbwa, na kicheko kikamkatisha pumzi. Mama alikuwa bado ameshika kijiko. Alisikiliza, hadi pumzi ile ikatulia.