Siku Namba Saba

Kazini walimwita Mama Hakiki, na jina hilo hakupewa kwa kupendwa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani mkuu wa kumbukumbu katika kampuni ya rangi, na hakuna karatasi iliyopita mezani kwake bila kugeuzwa ionekane upande wa pili una nini. Hata chai akiletewa aliichungulia kwanza. Kwa hiyo bosi alipotaka mtu wa kulinganisha programu tatu za kuunganisha data, hakuangaza macho mbali.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kiwandani, mashine ya getini iliandika kila mzigo unaotoka: madebe mangapi, gari gani, siku gani. Kwenye tawi, mwendo wa saa sita kwa lori, karani mwingine aliandika kila mzigo unaoingia. Kumbukumbu hizo mbili hazikuwahi kukutana hata siku moja. Bosi alitaka programu ya kuzikutanisha, ili aweze kulifuata kila debe kutoka getini hadi rafuni bila kumpigia mtu simu.

Wauzaji watatu wakaja na kompyuta zao. Mama Hakiki alizibatiza programu zao upya, maana majina yake ya kigeni yalimkwama kooni. Ya kwanza aliiita Bwana Harusi kwa jinsi ilivyopambwa. Ya pili ilikuwa Mkaidi. Ya tatu Marehemu, kwa kuwa ilizimika mara mbili ikiwa kwenye majaribio, na hakuna aliyeilia.

"Hapa tumeshaweka mfano, mama," alisema muuzaji wa Bwana Harusi, akionyesha michoro ya rangi rangi.

"Mfano wa nani?"

"Wa kampuni ya kufikirika."

"Basi ikanunuliwe na hiyo kampuni ya kufikirika. Sisi tuna data zetu."

Akawapa data za wiki kumi na tatu. Bwana Harusi ilizimeza zote bila kuuliza kitu, na muuzaji hajamaliza glasi yake ya maji, jedwali limeshatoka, safi, siku zote zimegeuzwa kutoka namba kuwa majina. Mkaidi nayo ilifika kwenye safu ya siku, ikagoma. Ikaandika kwa herufi nyekundu: *Kumbukumbu za tawi: namba 7 ni siku gani?*

"Kumbe programu yako haijui hata siku za wiki?" Mama Hakiki alimwuliza muuzaji wake, dada mmoja mpole mwenye miwani.

"Inajua, mama. Ila haikisii. Inataka mwenye data aieleze."

Mama Hakiki alimtazama kwa jicho la pembeni. Mtu wa maswali mengi, aliwaza, anatafuta namna ya kuirefusha kazi ili alipwe siku nyingi. Akaifunga Mkaidi bila kuijibu, akarudi kwa Bwana Harusi. Na hapo ndipo alipoliona lori namba nne.

Lori namba nne, ambalo peke yake ndilo lililopeleka mizigo tawini, liliendeshwa na mume wake. Kila Jumatatu na kila Ijumaa aliondoka asubuhi. Siku zote alisema anafika jioni ile ile, anashusha mzigo, kesho yake anazungukia wateja kukusanya madebe matupu, na siku ya tatu anarudi. Bwana Harusi ilisema mengine. Limetoka Jumatatu, limefika Jumatano. Limetoka Ijumaa, limefika Jumapili. Wiki kumi na tatu mfululizo, safari ya saa sita ilichukua siku mbili.

Na Jumapili tawi hufungwa. Mtu mwingine angesita hapo, aseme jedwali hili lina walakini. Mama Hakiki alisita pia, lakini kujiuliza jambo lingine kabisa: nani alikuwa anamfungulia stoo? Funguo za stoo anazo karani wa tawi, mwanamke ambaye hajawahi kumwona, anayemjua kwa sauti tu, sauti laini inayomwita "dada" kwa kuivuta.

Wivu ukamkaba. Aliogopa pia, na kwake hofu ilikuwa kitu kigeni. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na pengine kila dereva pale getini alikuwa anajua kasoro yeye.

Jumatano mume aliporudi, Mama Hakiki alilinusa shati lake kabla ya kulitia kwenye beseni. Lilinuka rangi na vumbi tu, na hilo nalo likamzidishia shaka. Mwanamume gani anatoka safari ya siku tatu bila harufu nyingine yoyote?

"Mbona umenuna, mke wangu?"

"Nimenuna mimi?"

"Au nimekukosea?"

"Unajijua mwenyewe."

Mume akacheka, akidhani ni ya kazini, akaenda kuoga. Mama Hakiki akabaki ameshika shati. Swali lilikuwa pale pale ulimini: *Ukitoka hapa Jumatatu, unafika lini?* Akalimeza. Kumwuliza ni kumwamsha, naye akiamka atajipanga.

Alhamisi asubuhi akaweka ripoti mezani kwa bosi. Programu ya kununuliwa ni Bwana Harusi. Chini yake lilikuwepo jedwali la lori namba nne, limezungushiwa kalamu nyekundu.

"Huyu si mumeo?" bosi aliuliza.

"Kazi ni kazi."

Kabla ya saa sita mchana mume alikuwa amerudisha funguo za lori. Mama Hakiki alimwona kutoka dirishani, amesimama getini na blanketi lake na chupa ya chai, vitu vyake vyote vya kwenye lori. Aliinua macho kulitazama dirisha, asipunge mkono. Jioni hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa dada yake.

Ijumaa ilikuwa zamu ya karani wa tawi kuhojiwa. Mama Hakiki aliomba ampigie simu yeye mwenyewe, akitamani kuisikia ile sauti laini ikibabaika.

"Jumapili iliyopita nani alifungua stoo?"

"Jumapili? Hakuna, dada. Jumapili si tunafunga?"

"Mbona umeandika mzigo umeingia siku ya saba?"

"Ndiyo. Saba, Ijumaa."

"Saba ni Jumapili!"

Karani alishusha sauti, kama mtu anayeogopa kumsahihisha mkubwa wake.

"Jumapili ni mbili, dada. Jumamosi moja, Jumapili mbili, Jumatatu tatu, kama zinavyoitwa. Alhamisi sita, Ijumaa saba. Si wewe ulinifundisha? Siku naanza kazi nilikwambia kisanduku cha siku kwenye kompyuta kinapokea tarakimu moja tu. Ukasema, 'Siku zetu zina namba humo humo ndani, utakosea vipi?' Maneno hayo nimeyabandika ukutani hapa mpaka leo."

Alikumbuka. Alikumbuka hata alivyojisifu kimoyomoyo kwa ule ujanja. Na mashine ya getini, iliyonunuliwa ng'ambo, iliianza wiki Jumatatu: Jumatatu moja, Ijumaa tano. Siku ile ile, huku tano, kule saba. Bwana Harusi ilikuwa imezisoma zote kwa hesabu ya getini.

Aliifungua Mkaidi. Swali jekundu lilikuwa bado linangoja. Akaandika: *Ijumaa*. Ikamwuliza na namba nyingine, moja moja, akazijibu zote. Kisha jedwali likatoka. Limetoka Jumatatu, limefika Jumatatu. Limetoka Ijumaa, limefika Ijumaa. Wiki kumi na tatu.

Bosi aliibadilisha ripoti kwa saini moja. Kwake yalikwisha.

Wifi ndiye aliyemfungulia mlango. "Karibu, mkaguzi," alisema, akampisha bila kutabasamu.

Mume alikuwa uani, amepindua baiskeli, anarekebisha mnyororo. Mama Hakiki alimweleza yote akiwa amesimama: namba, kisanduku, mashine ya getini, Bwana Harusi, Mkaidi. Akamwomba radhi mara tatu. Akasema bosi anamtaka arudi kwenye lori. Mume alisikiliza hadi mwisho huku mikono imejaa grisi.

"Hiyo Mkaidi haikujua saba ni nini. Ikafanyaje?"

"Iliuliza."

"Iliuliza." Akazungusha pedali, mnyororo ukachomoka tena. "Nayo wala hainijui."

Mama Hakiki alilia pale pale, mbele ya wifi yake, bila kujificha. Alipopata sauti akasema, "Nyumbani utarudi lini?"

"Siku namba tatu."

Alifungua mdomo kushukuru, akaufunga. Tatu ya getini ni Jumatano. Tatu ya tawini ni Jumatatu. Alimchunguza usoni, kama alivyozoea kuchunguza kila kitu, asipate jibu.

"Tatu ipi?" aliuliza.

Mume akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kumbe kuuliza unajua," alisema, akarudi kwenye mnyororo wake, na siku hakuitaja.