Paka Asiyekula Samaki

Jengo zima lilijua kwamba Kesar anakula samaki. Kasmir, mlinzi wa mlangoni, alijua. Mafundi cherehani wa ghorofa ya kwanza walijua, na hata wale wapangaji wa ghorofa ya pili, ambao salamu kwao ni mzigo, walijua. Hakujua mtu mmoja tu, naye ndiye mwenye paka.

Mwenye paka ni Anjana, mjane wa ghorofa ya tatu katika lile jengo la zamani la mtaa wa Mchafukoge lenye roshani za chuma zilizoliwa na kutu. Nyumbani kwake hapaliwi nyama wala samaki, na yai halivuki kizingiti. Yule paka wake mwenye rangi ya zafarani, ndiyo maana akaitwa Kesar, yaani zafarani kwa lugha yao, alimlea kwa maziwa, wali na dengu, na alijivunia kumlea hivyo kuliko alivyojivunia mtoto wake Ronak aliyeko Ulaya. "Huyu hajawahi kuonja damu," alikuwa akiwaambia watu ngazini. "Muulizeni Waridi."

Watu wakamgeukia Waridi. Na Waridi, mkaanga samaki wa chini, mtu anayerudi kutoka soko la samaki la Feri kila asubuhi na ndoo ya changu na vibua, anajibu bila kupepesa macho: "Samaki? Kesar? Hapana, mama." Jibu hilo likawa la jengo. Ukiulizwa na mama Ronak, ndivyo unavyojibu, basi.

Siri ya mtungi muulize kata. Kila mchana Anjana akishajilaza, Kesar alishuka ngazi bila haraka, akakaa kando ya karai la Waridi, akapewa chake. Akishiba, Waridi alimfuta mdomo kwa kitambaa chenye maji ya ndimu, akampandisha kwao. Ilianza kwa huruma, paka gani anakonda kwa dengu, halafu ikawa mazoea. Amwambie mwenyewe? Amwambieje? Wanawake wale wawili walikuwa wameketi pamoja kwenye ngazi ile, jioni kwa jioni, zaidi ya miaka ishirini. Waridi alikula chapati za Anjana. Anjana hakuweza kula kitu kilichopita kwenye sufuria ya Waridi, ila tunda lenye ganda lake, na Waridi hakununa hata siku moja. Urafiki wa namna hiyo huuchezei kwa sababu ya kichwa cha changu.

Tatizo lilianza Anjana alipoteleza bafuni akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka Waridi alipopanda kumwangalia. Mwanawe Ronak, anayeishi Leicester, Uingereza, aliposikia alisema sasa imetosha, mama anahama. Anjana akakataa. Akabembelezwa, akakataa. Mwisho akatoa sharti lake: "Kesar asipokwenda, mimi siendi."

Basi paka akaanza kuhangaikiwa kama balozi. Akatiwa chipu ya kumtambulisha shingoni. Akachanjwa kichaa cha mbwa, naye paka wa watu hajamng'ata hata panya. Damu yake ikapelekwa Ulaya kupimwa, na kisha zikasubiriwa wiki na wiki, maana ndivyo wanavyotaka huko aendako. Waridi alikuwa anaomba moyoni, Mungu amsamehe, kitu kimoja tu kikwame kwenye hizo taratibu. Hakikukwama hata kimoja.

Ronak akaja mwenyewe kuwachukua. Siku moja kabla ya safari alisimama ngazini na kile kizimba cha plastiki cha kumsafirishia paka, akawatangazia wote.

"Shikamoo, anti Waridi. Jamani, nawaomba. Kuanzia leo jioni Kesar asile kitu, daktari wa mifugo amekataza. Atakaa ndani ya ndege muda mrefu, akitapika hakuna wa kumsaidia. Na dawa ya usingizi pia marufuku. Mama, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Anjana.

"Marahaba, baba," alisema Waridi. "Nani atamlisha?"

Asubuhi ya safari, huko juu wanahangaika na masanduku, Kesar akashuka. Hakusubiri mchana. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye miguu ya Waridi, akalia, akajisugua, akalia tena. Kilikuwa kilio cha njaa, na Waridi alikijua.

Sasa, msikimbilie kumhukumu. Mumewe Waridi, marehemu Abdulatif, alitoka nyumbani asubuhi moja hajanywa hata chai, kwa ugomvi wa kipuuzi tu, akaanguka barabarani Msimbazi akiwa anakwenda kazini na hakurudi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeondoka mlangoni kwa Waridi na tumbo tupu, awe mgeni, awe mdai, awe mwizi. Na huyu alikuwa anakwenda mbali kuliko wote, na wala hakujua kama anakwenda. Waridi alimtazama, akasema moyoni kwamba daktari ni daktari, lakini njaa haina daktari. Akamchambulia changu mzima, akamtoa miiba kwa vidole, mmoja mmoja.

"Kula, bwana," alimwambia. "Huko uendako hakuna Feri."

Kesar alikula mpaka tumbo likawa gumu. Waridi akamfuta kwa ndimu mara mbili, akambeba.

Kwa kina Anjana mtu hatoki safari bila kijiko cha mtindi wenye sukari. Ndiyo baraka yao. Anjana alishuka na bakuli, amevaa sari ya bluu aliyoiweka kwa siku hiyo, akamlisha Ronak kijiko, akala chake, akampa na Waridi. "Wewe husafiri," alisema, "lakini kula." Kesar yeye alikuwa na kikombe chake kidogo, cha peke yake. Anjana akachota kwa kidole, akamlambisha mpaka kikaisha. Waridi aliona. Hakufikiria kitu.

Kuingia kizimbani kukawa kazi. Ronak alijaribu, akaparurwa mkono. Anjana akasema, "Mpe Waridi. Waridi anamsikia." Na kweli, kwenye mikono ya Waridi aliingia taratibu, akajikunja, kilango kikafungwa. Wanawake wale wakakumbatiana mlangoni, wakalia bila kuona haya, na Kasmir akageuka akajifanya anafunga geti. Paka wa nyumba haingwi, hafukuzwi, wamesema wahenga, na yule walikuwa wanamfungia wenyewe aondoke.

Siku ya tatu Ronak akapiga simu.

"Anti, Kesar hakufika. Yaani alifika, lakini ameshakufa. Wamefungua kizimba wakamkuta."

Waridi alikuwa ameshika upawa. Akauweka chini.

"Kafa kwa nini, baba?"

"Daktari wa huku anasema alitapika akiwa usingizini, matapishi yakamkaba. Paka mzima angeamka akayatema. Huyu hakuamka." Ronak akashusha sauti. "Ni mama. Alimtia nusu ya kidonge chake cha usingizi kwenye ule mtindi. Anasema hakutaka aogope gizani. Nilimkataza, anti, na wewe ulikuwepo. Sasa hali chakula. Maji kidogo, basi. Anasema mikono iliyomuua Kesar haiwezi kutia kitu kinywani. Ongea naye wewe. Mimi hanisikii."

Waridi akasema ataongea naye, akakata simu, akakaa kwenye kile kigoda chake. Kidonge ndicho kilichomlaza. Lakini mtu hakabwi na kijiko cha mtindi, wala paka. Kilichopanda kooni kilikuwa changu, changu wake, aliyemchambua kwa vidole vyake hivi. Aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Na juu ya aibu aliona jambo baya zaidi, kwamba akikaa kimya hakuna atakayejua kamwe, na Anjana ataubeba mzigo wote peke yake, kule kwenye baridi, bila kula.

Alimaliza sala ya alasiri, akapiga.

"Mama Ronak."

"Waridi." Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelala. "Nimemuua mtoto wangu."

"Hukumuua wewe. Nisikilize. Asubuhi ile alishuka kwangu ana njaa. Nikampa samaki. Changu mzima, mama Ronak, akala akashiba. Ndiye aliyemkaba. Ni mimi."

Waridi akasubiri matusi. Alikuwa tayari kwa matusi, aliyataka hasa.

"Waridi," alisema Anjana, "Kesar hali samaki."

"Anakula. Siku zote anakula. Kila mchana ukilala alikuwa anashuka, nampa, namfuta mdomo ili usisikie harufu. Miaka yote hiyo. Nilikuficha, nisamehe."

"Nilikuuliza mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Na ukanijibu nini?"

"Nilikujibu hapana."

"Wewe huwezi kunidanganya miaka yote hiyo," alisema Anjana, na sauti yake ikalainika, na ule ulaini ndio uliomkata Waridi maini. "Unanidanganya leo, ili nile. Nakujua. Una moyo mzuri sana, wewe."

"Wallahi sikudanganyi. Ngoja. Kasmir! Njoo hapa." Kasmir akaja anafuta mikono kwenye suruali. Waridi akamtia simu mkononi. "Ni mama Ronak. Anakuuliza kuhusu Kesar. Mwambie."

Kasmir akaiweka simu sikioni. "Shikamoo, mama. Pole sana, mama." Akasikiliza. Kule upande wa pili mama mtu mzima alikuwa analia na kuuliza, na Kasmir, masikini, alikuwa anajua jambo moja tu la kumjibu mama yule, lile alilomjibu siku zote, alilofundishwa tangu alipoajiriwa mlango ule. Waridi akaona midomo yake inafunguka, akanyoosha mkono, akachelewa.

"Samaki? Kesar? Hapana, mama. Kesar hajawahi."

Akamrudishia Waridi simu, uso wake una huzuni ya heshima.

"Umesikia?" alisema Anjana. "Hata Kasmir hawezi kumsingizia. Asante, Waridi. Umejaribu. Sasa niache nipumzike." Simu ikakatika.

Kasmir alimtazama Waridi. "Nimesema vibaya?"

"Umesema kama tulivyomzoesha," alisema Waridi.

Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Akapiga mara nyingine na mteja wa kwanza wa jioni ameshasimama mbele ya karai anauliza vibua vipo. Safari hii akapokea Ronak.

"Ulimwambia nini, anti? Amegeukia ukutani. Nimempelekea uji, umerudi ulivyokwenda."

"Mwambie nilimpa samaki, Ronak. Mwambie wewe, wewe atakuamini."

"Ameshaniambia kwamba utasema hivyo," alisema Ronak. "Anasema nikushukuru."